Plasta ya Kichwa

Bi Wuryani alikodisha kompyuta kwa wanafunzi wa mji wa Yogya, Indonesia, nao kila siku walimletea virusi kwenye diski zao. Jana alimfokea mumewe, Gunarto, kwa kukata plasta anayobandika yeye kichwani akiumwa na kuziba nayo pengo dogo ukingoni mwa diski ya kuwashia mashine.

“Kwani diski nayo inaumwa kichwa?”

“Pengo likizibwa, humo hakiandikwi kitu. Virusi vinagonga mwamba,” Gunarto akajibu.

Leo virusi vilikula mafaili ya kuwashia, kompyuta zote zikagoma. Bi Wuryani akaingiza diski ile inayonuka dawa ya kuchua, roho juu. Mashine ikawaka! Akashusha pumzi, akamrushia Gunarto pakiti nzima ya plasta.

“Bandika diski zote, Mas, mume wangu. Mimi kichwa kimepona.”