Kufuli Nilizompa Mama

Kila Ijumaa mama alinitumia sanduku la bati kutoka Tetu na gari la asubuhi, lina mayai na avokado, na kila Ijumaa lilinifikia Ruring'u limepungua. Nikachoka na wezi hao. Nikanunua kufuli za kubonyeza, nikampa mama zikiwa wazi, funguo zote nikabaki nazo mimi. Yeye alibonyeza tu, basi, na hata yeye mwenyewe hangeweza kulifungua tena. Alinitania kwamba nimemfungia mayai ya kuku wake.

Jumatatu moja simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa. Kesho yake mchana mama alianguka zizini, na hakuamka. Baada ya mazishi nikanunua simu nyingine, nikaweka laini yangu ya zamani. Kulikuwa na ujumbe wa mama, wa Jumanne ile asubuhi. Mama hakuandika kamwe, alirekodi sauti. Haukufunguka. Kwenye kioo simu iliandika tu: "Tunasubiri ujumbe huu."

Nikaupeleka kwa fundi wa simu mjini Nyeri.

"Mathe, hii ilifungwa na kufuli ya simu yako ya kwanza," akasema, akiniita mama kwa lugha ya vijana. "Ufunguo ilikuwa ndani ya hiyo simu, na imekufa nayo. Ni simu ya mamako tu ingetuma tena."

"Na wenye kampuni inayopitisha ujumbe?"

"Hata wao hawawezi. Ilitengenezwa hivyo ndio mtu asisikize mambo yenu."

Alisema kwa upole, nami nikamchukia kwa huo upole.

Nikakimbilia Tetu. Simu ya mama ilikuwa mkononi mwa dada yangu.

"Nimeisafisha yote, nikafuta kila kitu," akaniambia. "Ati nimpatie tata bila kitu ya kumuumiza." Tata ni shangazi yetu. Dada alidhani ametenda wema, na sikuwa na nguvu za kugombana.

Chini ya kitanda cha mama nikalikuta sanduku, tayari kwa Ijumaa ile. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Kufuli ilifunguka mara moja. Mayai kumi na mawili, kila moja kwenye kipande chake cha gazeti, hakuna lililoguswa. Nikakaa sakafuni nikalia kwa hasira.

Ujumbe bado ninao. Sijui kama alikuwa akiniambia mayai yako tayari, au kwamba kifua kinamuuma, nije.