Saa ya Kinshasa

Shefu wetu, aliye Kinshasa, alisema kila mutu ajichagulie saa zake za kazi kwenye kalenda ya kompyuta. Nikaandika kwamba namaliza saa kumi na moja, nivuke mto kwenda nyumbani Alunguli kabla ya giza. Kumbe kalenda ilihesabu saa ya Kinshasa, na sisi Kindu tuko saa moja mbele. Mikutano ikaisha saa kumi na mbili ya kwetu, pirogi ya mwisho, ule mtumbwi wa abiria, imeshavuka. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka saa ya Kindu. Shefu akairudisha ya Kinshasa. "Saa ya kazi njo ya Kinshasa," akaniandikia.

Wakati wa vita, askari ndio walitupangia saa ya kuvuka. Niliwachukia. Lakini wale angalau walifika hapa, wakaona jua letu linazama saa ngapi.