Senti Kumi za Wimbo wa Mama Mkubwa

Kwetu Chinongwe, mtu aliyetunga wimbo hakujitaja. Ukimuuliza, alisema ameukuta kwa wazee, na hapo ikawa kazi ya jirani kudakia: "Mwongo huyo, ni wake!" Kujisifu kulikuwa aibu, lakini kusemewa na wenzio ilikuwa haki yako. Nililijua hilo tangu nikiwa nanyonya, ndiyo maana sijisamehe.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alitunga wimbo wa kutwangia baada ya mwanawe wa pekee kwenda kukata mkonge na kufia huko huko. "Mwanangu, mtama umeiva, ndege wanakula," ndivyo ulivyoanza. Kaburi la mwanawe hakuliona. Kila alipotwanga aliuimba, na sisi tuliokuwa naye kinuni tukaitikia.

Miaka ya hamsini ilipofika katikati, akaja bwana mmoja na mashine ya kunasa sauti. Kiswahili cha mama mkubwa kilikuwa cha kununulia chumvi tu, basi nikawa mkalimani, mimi na darasa langu la nne na kiherehere changu chote. Bwana akauliza wimbo ni wa nani. Mama mkubwa akajibu kwa Kimwera, macho chini: wa wazee. Nikatafsiri neno kwa neno, nikajiona nimefanya kazi ya maana. Bwana akaandika, akampa kipande cha sabuni, akaenda zake.

Mwaka uliofuata mimi na mama mkubwa tulikwenda Nachingwea kuuza ufuta. Kwenye hoteli moja ya chai tukasikia sauti yake ikitoka kwenye gramafoni. Akatua mzigo mlangoni, akaanza kuimba pamoja nayo. Watu wakageuka. Mwenye hoteli akatoka, wala hakuwa mtu mbaya.

"Samahani, mama. Kusikiliza ni chai au senti kumi. Na tafadhali usiimbe, hawa wamelipa."

"Wimbo wangu huu," akasema mama mkubwa.

Mwenye hoteli akaileta santuri, akanionyesha karatasi yake nisome. Palikuwa na jina la yule bwana wa mashine, na chini yake maneno: wimbo wa wazee.

"Mimi nimeinunua," akasema, "na sindano za gramafoni nanunua kila mara."

Hasira zilinijaa, lakini nimkasirikie nani?

Mama mkubwa akafungua pindo la kanga, akatoa senti kumi. Santuri ikarudishwa, akaisikiliza hadi mwisho, mdomo kaufumba. Huyo ni mwanawe aliyekuwa akililiwa mle ndani, naye kalipia.

Tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Siku ile nilisema wa wazee," akaniambia. "Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu. Mbona hukunisemea?"