Mlio Uliobaki Mashine Zilipozimwa

Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi hapa Morogoro tangu kabla sijazaliwa mpaka siku kilipofungwa. Alikuwa upande wa kusokota, kwenye ukumbi wenye mashine nyingi kiasi kwamba ukitaka kumwambia mwenzako jambo lazima umwekee mdomo sikioni, na hata hivyo atakusikia nusu. Kwa hiyo wanawake wa pale walizungumza kwa mikono. Vidole viwili vikipita kama mkasi, uzi umekatika. Kiganja kikishuka polepole, punguza mwendo. Ngumi juu, zima. Walikuwa na ishara ya msimamizi anakuja, na ya msimamizi anakuja na amelewa, na nyingine ambazo mama hakunifundisha lakini nilizijua. Nilikua nikidhani kila mama duniani anamwita mwanawe kula kwa kupunga mkono mlangoni.

Halafu likaja soko huria. Mitumba ikajaa mjini, vitambaa vya nje vikawa rahisi kuliko vyetu, kiwanda kikaanza kusuasua. Kikabinafsishwa. Geti likapigwa rangi mpya, watu wakapunguzwa, wakapunguzwa tena, mwisho mashine zikazimwa zote. Mama alirudi mchana ule na gauni lake la kazi mkononi, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Zimezimwa." Kisha akaniuliza, "Mbona bado nazisikia?"

Tulidhani ni uchovu, utapita. Haukupita. Miaka ikaenda na mama akawa mtu wa kuinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza redio ya jirani. Hospitali walimmulika masikio kwa tochi, wakasema ni safi, hayana kitu, wakampa vidonge vya usingizi. Majirani walileta mafuta ya nazi ya vuguvugu, maji ya kitunguu, na maombi. Kila aliyekuja alikuwa na dawa yake, na masikio yalikuwa ya mama peke yake. Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo silifichi, na kilichonikera zaidi ni vile watu walivyoanza kusema naye polepole, kwa sauti ya kusemea watoto.

Aliyekuwa na neno la mwisho ni mjomba, kaka yake mkubwa, mkulima wa ndizi na mdalasini kule Kinole, mlimani. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, na baba yangu, mtu wa reli aliyetoka mbali, alikwisha kufariki. Hivyo jambo la mama lilikuwa la mjomba. Sitaki mtu amwone mbaya. Alikuwa mtu wa rozari, mpole, aliyeshuka mjini kila baada ya mavuno na mkungu begani kwa ajili yetu. Lakini bibi mzaa bibi yangu ndiye aliyekuwa akiyatunza makaburi ya ukoo, na tangu afe hakuna mwanamke aliyeshika nafasi yake. Mjomba alipoambiwa dada yake anasikia sauti isiyosikiwa na wengine, hakuhangaika na tochi wala vitunguu; kwake hao walikuwa wazee wa makaburini wakimtaka mtu wa kuwatunza.

"Unaitwa, mdogo wangu," alisema, kwa ile lafudhi ya mlimani inayopandisha neno mwishoni. "Mtu akiitwa anaitika."

Mama akaitika. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilimkuta asubuhi moja jikoni, amegeukia ukuta, anasema taratibu, "Abee." Anasubiri. "Abee." Mwanamke aliyewahi kusimamia mashine za watu wengine wakiugua, anaitikia ukuta.

Hakukuwa na aliyejibu, na mjomba akaona sababu ni umbali. Akasema mvua zikikatika atakuja na gari kumchukua, moja kwa moja. Chumba kilikwisha kupigwa lipu, karibu na makaburi. Mama alimsikiliza kwa adabu, na mjomba alipoondoka akaniambia, "Nikipanda na begi langu, nimekubali kwamba kichwa changu kimeharibika. Na sitashuka tena." Alikuwa na wenzake wa kiwandani aliokutana nao kila Jumamosi, alikuwa na jumuiya yake ya kanisa, alikuwa na mimi. Lakini hakuwa na la kumjibu kaka yake. Ungembishia nini mtu kuhusu sauti ambayo wewe peke yako ndiye unayeisikia?

Siku hizo nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la fotokopi na kupiga chapa mjini, na nyumbani, kwenye chumba changu, nilikuwa na kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, ile yenye skrini kubwa ya mgongo. Nilirekodi kwaya, na vijana wa bongo fleva waliokuja na mistari yao na kiu ya soda yangu. Shida yangu ilikuwa sauti. Kinanda cha kuazima kilikuwa na tarumbeta ileile iliyokuwa kwenye kila kaseti kutoka hapa mpaka Dar. Mwanafunzi mmoja wa chuo kule Mazimbu, mteja wetu wa fotokopi, akanisikia nikilalamika. Akanipa sidii yenye programu. "Hii haina sauti ndani yake, dada," aliniambia. "Sauti unaitengeneza mwenyewe."

Alisema kweli kupita nilivyotaka. Ukiifungua unakuta ukurasa mtupu. Unaweka visanduku, kimoja kimoja. Kuna cha kutoa mlio, kuna cha kuchuja, kuna cha kufungua na kufunga sauti kama mkono kwenye bomba. Kila kimoja kinafanya kazi moja tu na hakimjui mwenzake, mpaka wewe uvute waya kwa mausi kutoka hiki kwenda kile. Hakuna kinachounganishwa kwa bahati. Wiki yangu ya kwanza sikupata hata mlio. Nilijaza ukurasa visanduku na waya mpaka ukawa kama nguzo ya umeme ya pale stendi ya Msamvu, kimya. Nikaitukana kompyuta, nikamtukana mwanafunzi. Mwisho nikagundua nilikuwa sijaweka kisanduku cha kutokea, kile kinachopeleka sauti kwenye spika. Sauti ilikuwepo muda wote, imefungiwa ndani, haina mlango.

Isitoshe ilikuwa programu ya kujaribia. Haikuhifadhi kazi. Ulichojenga kilidumu mpaka ufunge, au mpaka umeme ukatike, na mwaka ule wa mgao, umeme ulikatika vilivyo. Kila siku nilianza upya.

Jumapili moja baada ya misa nilirudi kwenye kitu rahisi kabisa ili nijifunze vizuri. Nikaweka kisanduku cha kutoa mvumo mtupu, ule wa redio iliyopoteza stesheni, nikauunganisha na chujio, nikaanza kulibana. Kadiri unavyobana, mvumo unapoteza unene wake, chembe kubwa zinabaki juu kama kwenye chekeche, na kinachopita ni kitu chembamba, kikali. Nilikuwa natafuta mlio wa upatu. Haukuwa upatu, na nilitaka kufuta.

Mama akatokea mlangoni na mikono yenye unga.

"Nani kamtoa huyo?"

Niligeuka. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo.

"Nani, mama?"

"Huyo." Akaigusa spika kwa kidole, unga ukabaki pale. "Huyo ni wangu. Ila yuko chini kidogo."

Nikapandisha chujio. Akatikisa kichwa. Nikapandisha tena. Nikampa hedifoni ili kelele za nje zisimchanganye, akazivaa juu ya kilemba, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Na kwa kuwa sasa hanisikii, mkono wake ukaanza kusema wenyewe. Kiganja kilipanda, nikapandisha. Kilishuka, nikashusha. Alisugua kidole gumba na cha shahada, ishara yao ya uzi mnene, yaani bado nene, nyembamba zaidi. Nikabana. Akafanya mkasi, sikuelewa, halafu nikaelewa: kuna kitu kimekosekana. Nikaongeza mlio mmoja safi kama filimbi ya mbali. Akavua hedifoni.

"Huyo filimbi ndiye. Lakini wako wawili. Hawapatani."

Nikaweka wa pili, nikausogeza pembeni ya wa kwanza kwa unywele. Milio miwili ikikaribiana namna ile haitulii, inaanza kutikisana, wa-wa-wa-wa, kama inagombea nafasi. Mama alifumba macho. Ngumi yake ikapanda juu, taratibu, na hapo nikatoa mkono kwenye mausi.

Sasa mlio uliokuwa kichwani na mlio uliokuwa kwenye hedifoni ulikuwa mmoja. Alikaa nao. Mimi nilikuwa nikiusikia kwa mbali ukivuja kwenye masikio yake, na nilikuwa nimeishi nyumba moja na kitu kile bila kukijua. Mama machozi yakamtoka, lakini alikuwa anatabasamu. "Kumbe yupo," alisema.

Kisha umeme ukakatika, skrini ikafa, na kila tulichojenga kikaenda nayo. Nilipiga meza kwa kiganja na kusema neno ambalo halisemwi Jumapili. Mama akacheka, cheko lake la kiwandani, ambalo nilikuwa nimelisahau. "Unalilia nini? Wewe ndiye uliyepoteza. Mimi ninaye hapa."

Mvua zikakatika. Mjomba akaja Jumamosi asubuhi na gari la mizigo la jirani yake lililoleta mananasi sokoni, lirudi mchana na mama. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka mkungu wa ndizi chini. Begi la mama lilikuwa limefungwa. Alilifunga mwenyewe, kwa kuwa kaka akisema, mtu anafunga begi. Mjomba akalibeba akalipeleka garini. Alipoingia tena kuaga, mama alikuwa amekaa kwenye ndoo chumbani kwangu, amevaa hedifoni juu ya kilemba, na mimi nilikuwa mbele ya ukurasa mtupu.

"Mdogo wangu, gari linasubiri."

"Lisubiri kidogo, kaka. Nimeitika mwaka mzima, hajanijibu. Na wewe sikiliza kidogo."

Sijawahi kujenga kwa hofu vile. Umeme ulikuwepo, na hakuna aliyejua ni kwa muda gani. Mvumo, chujio, bana. Mama aliongoza kwa mkono, juu, chini, nyembamba, na mjomba alisimama mlangoni akiangalia mikono ya dada yake kwa mshangao wa mtu anayeona lugha asiyoijua kwenye mwili anaoujua. Filimbi ya kwanza. Filimbi ya pili. Pembeni, pembeni kidogo, hapo. Ngumi.

Mama akavua hedifoni, akainuka, akamkalisha kaka yake kwenye ndoo, akamvalisha kwa mikono yake. Mjomba akajitayarisha. Naapa alikaa kama mtu anayesubiri kusemeshwa na wakubwa wake, mgongo wima, mikono magotini. Mama akanionyesha kiganja kikipanda. Nikaongeza sauti. Kiganja kikaendelea kupanda. Nikamwangalia kuuliza kama ana hakika, akakaza macho. Nikaongeza mpaka pale alipoacha.

Mjomba alikunja uso. Alivumilia kwa heshima. Aliangalia dari, akaangalia ukuta, akatafuta neno ndani ya ule mlio, na hakukuwa na neno, kulikuwa na mlio tu. Wa-wa-wa-wa. Nje dereva akapiga honi, mjomba hakuisikia. Mwisho akazivua, akazishika mbali na mwili wake, akajisugua masikio yote mawili.

"Hii haivumiliki," alisema. "Inaumiza. Mtu anakaaje na hii?"

"Wewe umevua, kaka," mama akamwambia.

Mjomba alimwangalia, akaangalia hedifoni mikononi mwake. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Hata sasa hivi? Tukizungumza hivi?"

"Hata sasa hivi."

"Na usiku?"

"Usiku ndiyo anakuwa peke yake na mimi."

Mjomba alilia. Alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu nyeupe, na mama ndiye aliyembembeleza. Halafu akatoka, nikasikia akizungumza na dereva, akarudi na begi la mama begani kama alivyokuja na ndizi, akaliingiza chumbani kwake, akalilaza kitandani. Lile gari liliondoka bila wao wote wawili. Alikaa kwetu mpaka Jumatatu, na kabla ya kuondoka alimwomba mama amfundishe ishara ya "bado yupo".

Mimi niliendelea na programu ile, baadaye nikapata iliyokamilika, na watu wengine wamecheza muziki uliotoka kwenye visanduku vyangu bila kujua mwalimu wangu wa kusikiliza alikuwa nani. Mama hakupona. Mjomba aliendelea kushuka baada ya mavuno, na kila mara alimwuliza vipi leo, yuko juu au yuko chini, na mama alimweleza kwa kirefu, na mimi nikawaachia chumba. Nafikiri alichotaka mama muda wote kilikuwa hicho tu, mtu wa kumwuliza.

Mama alifariki akiwa mzee, nyumbani, mimi nikiwa nimemshika mkono. Nilipoona pumzi haijarudi, kabla sijamwita mtu na kabla sijalia, wazo la kwanza kunijia lilikuwa kwamba sasa, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe, kwa mama ni kimya.