Biskuti za Mbwa wa Bwana Nyuki

Mbwa hakuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu wapo wanaodhani nilipendana naye tangu zamani, na hawajui wanachosema. Alikuwa wa mume wangu. Mume wangu alikuwa bwana nyuki wa serikali. Serikali ikamstaafisha lakini nyuki hawakumstaafisha, akaendelea kwenda porini upande wa Usinge kukagua mizinga yake, mbwa nyuma yake. Mbwa alikuwa na jina, tena jina zuri, ila mimi nilimwita "wewe". Wewe, toka jikoni. Wewe, ondoa miguu yako hapo. Nimefundisha sayansi kimu karibu maisha yangu yote, na mbwa na jiko langu ni vitu ambavyo sikutaka vijuane.

Mume wangu alifariki mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Anayejua msiba wa Tabora anaujua: turubai uani, mikeka mpaka ukumbini, masufuria ya kuazima, akina mama wa jumuiya wameshika jiko na mwenye nyumba huna ruhusa hata ya kuosha kikombe. Mbwa alilala karibu na mafiga siku zote zile, na kila aliyepita alimtupia kitu. Ukoko wa pilau unaong'aa mafuta, mifupa ya mchuzi, vitunguu vilivyobaki kwenye sinia. Watu hawakuwa na ubaya. Walimwona naye ni mfiwa, wakampa pole kwa namna waliyoijua. Tulipoanua tanga, mikeka ikakunjwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe, na mbwa akaanza kutapika.

Bwana mifugo alimpapasa tumbo, akamfunua mdomo.

"Mama, huyu ni mzee," akasema. "Figo zimechoka. Na hivyo vitunguu mlivyomlisha, kwa mbwa ni sumu."

Nikamwambia mimi sikumlisha kitu.

"Basi sasa utamlisha wewe. Chumvi hapana, mafuta hapana, vitunguu usimwonyeshe hata ganda. Mpe kidogo kidogo, kitu chepesi. Akikataa kula, mjiandae."

Alisema mjiandae, kana kwamba tulikuwa wengi.

Binti yangu, mtoto wetu pekee, alikuwa bado yupo. Anafanya kazi Dar es Salaam na anaishi ghorofa ya tatu, na tangu siku ya mazishi alikuwa ananibembeleza niende nikaishi naye. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kukataa nikaikosa, mbwa akapita mlangoni akiyumba. Nikasema siwezi kumwacha mbwa wa baba yako katika hali hii. Tukabishana mpaka tukakubaliana: mbwa akiwa hai nabaki Tabora, akifa nafunga nyumba naenda Dar. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Mbwa mwenyewe alikuwa anaonekana mbavu zote. Treni yake ya kurudi Dar ilipofika Goweko alinipigia simu kunikumbusha. "Mama, tumekubaliana," akasema, kwa sauti ya mtu anayejua hatasubiri sana.

Ndiyo maana nilianza kuoka. Sikuoka kwa huruma. Nilioka ili nisihame.

Ile nyumba tulijenga wenyewe, tofali kwa tofali, nyuma yake inapita njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, ambayo siku hizi ni ya baiskeli za mkaa. Ndani yake kulikuwa bado na kofia ya mume wangu msumarini, na koti lake lenye harufu ya moshi wa kufukuzia nyuki. Ghorofa ya tatu ningekuwa bibi wa kukaa kwenye kochi na kuulizwa kama nimepata usingizi. Hapa nilikuwa mpweke, sikatai, mpweke mpaka nikawa namwaga chai ya kikombe cha pili kila asubuhi kwa sababu mkono ulikuwa umezoea kumimina viwili. Lakini ulikuwa upweke wangu, kwenye viti vyangu.

Nilichagua matobolwa. Ni viazi vitamu vinavyochemshwa, kukatwa vipande na kuanikwa juani mpaka viwe vikavu kabisa. Sisi hula kwa chai au karanga. Nilipeleka debe mashineni. Mwenye mashine akauliza unga huu ni wa uji wa mtoto yupi. Nikasema wa mbwa. Akazima mashine ili asikie vizuri.

Habari ilifika mtaani kabla yangu. Jirani yangu, mwanamke wa Kimoraviani tuliyeazimana moto na chumvi tangu tukiwa vijana, alikuja jioni akasimama mlangoni.

"Mwalimu, matobolwa ni chai ya watu," akasema. "Mwaka huu wengine hata hayo hawana."

Alikuwa na haki ya kusema. Lakini nilikuwa nimechoka kupewa ushauri na watu waliolala ukumbini kwangu wiki nzima kisha wakapotea, nikamjibu kwa ukali kwamba matobolwa ni yangu na mbwa ni wangu. Ndiyo, nilisema ni wangu. Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa za barabarani.

Nikaoka. Sijawahi kutamani oveni. Keki zote za kipaimara za mtaa huu nimeziokea kwenye sufuria: sufuria kubwa, mchanga chini, bati la kuokea juu ya mchanga, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Keki inataka moto wa juu uzidi wa chini. Biskuti hizi nilizipa moto mdogo pande zote na muda mrefu, zikauke mpaka ndani, maana hazina mafuta wala sukari ya kuzilinda zisiharibike. Unga wa matobolwa, boga lililopondwa, yai, karanga zilizotwangwa, na dagaa wa Kigoma niliowaosha tena na tena kutoa chumvi kisha nikawakausha na kuwasaga. Nilikata kwa kikombe cha kahawa. Zilitoka nzuri, za kahawia, zote sawa. Nikaziacha zipoe, nikaweka moja kwenye sahani mbele ya mbwa.

Alinusa. Akanitazama. Akageuza kichwa.

Nimewahi kumpikia askofu na hakugeuza kichwa. Nikaoka nyingine zenye maini. Nikaoka nyembamba, nikaoka laini, nikajaribu kulowesha kwa maji ya vuguvugu. Kila mara ananusa kwa hamu, mate yanamtoka, mkia unatikisika kidogo, kisha ananitazama usoni kama anayesubiri kitu, nami sina kitu. Halafu analala. Nyumba nzima inanukia kuoka, na hakuna hata mtu mmoja wa kuuliza leo unapika nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa chai kavu jioni na kwenda kulala. Kusonga ugali wa mtu mmoja niliona ni kujitania.

Wakati ule ndipo alipokuja rafiki wa mume wangu, mrina asali wa Usinge. Siku za mazishi alikuwa ndani kabisa ya pori na habari hazikumfikia. Alikaa kwenye kiti, akalia kidogo kama wanaume wanavyolia, kwa kukohoa, akanipa dumu la asali. Nikamsongea ugali. Akanawa mikono, kisha akaiweka magotini akingoja.

"Shemeji, toa uchawi," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kwamba chakula hakina ubaya. Siku hizi watu husema kwa utani, lakini mkono wa mgeni haugusi sahani mpaka mwenyeji ameonja. Nikamega tonge, nikachovya, nikala, naye akala. Mbwa akajikokota kutoka uani akalala miguuni pake. Mgeni akashtuka alivyokonda. Nikamweleza yote, mpaka na aina za biskuti.

"Na nani anamtolea uchawi?" akauliza.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akanisimulia kwamba mbwa huyu akiwa bado mdogo alikula nyama ambayo wafugaji walikuwa wameitia sumu na kuitega kwa ajili ya fisi. Mume wangu alimnywesha maziwa na mayai usiku kucha kambini, akapona, lakini tangu hapo hakula kitu kutoka mkononi mwa mtu mpaka amwone mtu huyo amekula kwanza. Hapo nikaelewa kwamba pilau ya msibani aliila kwa sababu wote waliomtupia walikuwa wanatafuna. Kila chakula, miaka yote, mume wangu alikuwa anamega, anaonja, halafu anampa. Mimi nilikuwa naona mkono wake ukishuka chini ya meza, nikamsema kuwa hana adabu.

Mgeni alipoondoka nilichukua biskuti nikaiuma. Ilikuwa na ladha ya karanga, kisha vumbi, kisha dagaa kwa mbali, na ulimi ukawa unaitafuta chumvi bila kuipata. Mbwa aliinua kichwa. Hakutazama mkono wangu, alitazama koo. Nilijaribu kuficha kipande shavuni, akaendelea kutazama. Nilipomeza ndipo aliponyoosha shingo akachukua kilichobaki, taratibu, bila kunigusa vidole.

Nililia. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa sababu nyumbani mwangu, mezani kwangu, palikuwa na jambo kubwa namna hii kati ya mume wangu na mnyama, na nililichukulia kuwa uchafu.

Basi tukala. Ili ashibe ilibidi nami nishibe, hapakuwa na njia nyingine. Biskuti asubuhi, biskuti mchana. Jioni nikaanza tena kusonga ugali, maana aliukubali bila chumvi mradi tonge la kwanza niwe nimelimeza mimi. Bwana mifugo alipompima tena alisema figo haziponi lakini mbwa ana nguvu, akaniangalia na mimi. "Hata wewe mama una nguvu," akasema. Nilikuwa nimeanza kunenepa.

Nilimsimulia binti yangu, akacheka, kicheko cha kwanza tangu tumzike baba yake. Ikawa ndiyo simu yetu ya Jumapili baada ya misa. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Mbwa amekula?" "Amekula." Hakuhitaji kuuliza zaidi. Mbwa akiwa amekula, mimi nimekula.

Jioni tulitembea ile njia ya nyuma. Wenye baiskeli za mkaa walitupita wakinisalimia shikamoo, na mbwa alikuwa anatangulia mpaka pale inapogawanyika. Hapo alisimama, pua kaielekeza kwenye njia ya magharibi, ya kwenda Usinge, masikio juu. Sikumharakisha. Nilisimama naye nikitazama huko huko, nikijua hakuna anayekuja, kisha tukarudi.

Alikufa Ijumaa moja, miti ya miombo imeanza kutoa majani mekundu na mvua bado. Nilikuwa nageuza biskuti kwenye bati. Alikuwa amelala jikoni, kwenye kona aliyokuwa ameichagua mwenyewe, na nilipomwita kuja kuonja hakuja. Nilimtafuta kijana mwenye jembe akachimba nyuma ya nyumba. Jirani yangu alisimama kwenye ua wake akitazama, nikaona anataka kusema neno, nikaingia ndani kabla hajalisema. Biskuti nilizimwaga kwenye kopo nikafunga. Sikuwasha moto tena. Ijumaa ile, Jumamosi, sikuweka kitu mdomoni zaidi ya maji, na njaa haikuja kuniuliza.

Jumapili simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mbwa hajambo?"

"Hajambo."

"Amekula?"

"Amekula."

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo tangu kanisani, wakati wenzangu wanasali. Nilitazama kofia msumarini na nikajiambia kwamba naweza kumweka mbwa huyu hai kwenye simu hata mwaka mzima. Binti yangu akaniambia habari za kazini, akaniambia maji yamekatika, nikaitikia penye kuitikia. Tulipokuwa tunaagana akasema, kwa mazoea tu ya mtu anayeaga, "Na wewe mama, umekula?"

Mdomo wangu ulikuwa mkavu. Nilikuwa nimesimama jikoni, kona ile iko wazi, na nikaona sina nguvu ya kusema uongo wa pili.

"Sijala," nikasema.

Nilisikia magari ya kwao barabarani.

"Amekufa lini, mama?"

"Ijumaa."

Nikajiandaa. Nilijua yatafuata mambo ya tiketi na ghorofa ya tatu, na nilikuwa na maneno yangu tayari, makali. Hakusema hata moja ya hayo. Aliuliza kama kuna biskuti zimebaki. Nikasema zipo, za Ijumaa.

"Chukua moja," akasema. "Usikate simu."

Nikafungua kopo kwa mkono mmoja. Biskuti ilikuwa ngumu, nikaivunja kwa meno karibu na simu, nikatafuna, na kutafuna kwenyewe kukawa kama kazi niliyoisahau. Ikageuka unga mdomoni, haishuki.

"Meza, mama. Nasikiliza."

Nikameza.

"Nyingine," akasema mwanangu.