Mchoro Usiopimwa

Mimi ni fundi wa nguo, na siamini kitu ambacho sijakipima. Ukija kwenye kibanda changu Ngara uniambie kiuno chako ni thelathini na mbili, nitaitikia kwa adabu, kisha nitakuzungushia tepu. Watu hudanganya.

Ndiyo maana pembetatu zilinitesa. Hospitali moja ilitaka msimamizi wa chumba cha kushonea mashuka, na kazi ile niliitaka mpaka nikakosa raha. Lakini walidai cheti cha sekondari chenye hesabu nzuri, na changu hakikuwa nayo. Nikajiandikisha kurudia mtihani, mtu mzima mwenye mtoto chuoni.

Wifi yangu, dada ya mume wangu, hufundisha hesabu. Kila Jumamosi alasiri nilifunga kibanda nikaenda kwake Mountain View. Alinichorea pembetatu, akaandika pembe moja, akaniambia nitafute nyingine. Kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimeshaweka protrakta yangu ya plastiki juu ya karatasi, nasoma digrii.

"Wifi, wacha hiyo kitu!" alisema. "Hii drawing haipimwi. Hata kwa exam watakuchorea vibaya makusudi. Unafikiria tu."

"Sasa mbona wachore uongo?"

"Ndio wakushike. Na wamekushika. Hivi kaka yangu alituletea fundi ama alituletea shida?"

Tulicheka. Kanuni zote nilizijua kwa moyo. Kilichonishinda ni kulinyima jicho langu haki yake.

Mtihani tuliufanyia karibu na Adams Arcade. Swali likaja: pembetatu yenye pande mbili sawa, mstari wa chini umerefushwa hadi nje, na pembe ya huko nje ni mia moja ishirini na nne. Tafuta pembe ya juu. Nikafikiria kama nilivyofunzwa. Mstari ulionyooka ni mia na themanini, basi ndani imebaki hamsini na sita. Pande ni sawa, basi pembe ya pili ya chini nayo ni hamsini na sita. Juu imebaki sitini na nane. Nikaandika, na nilifurahi kupita kiasi.

Ningeweka kalamu chini. Lakini pembe ile ilikuwa imechorwa pana kama kona ya shuka, na kila nilipoitazama nilijikuna. Nikaukalia mkono wangu. Nikautoa. Nikachukua protrakta. Tisini kamili! Nikakata sitini na nane, nikaandika tisini, na karatasi zikakusanywa.

Nilikuwa sijafika hata mlangoni nilipoelewa nilichofanya. Nilijichukia. Nilitaka kurudi nimnyang'anye msimamizi wa mtihani ile bahasha ya karatasi zetu.

Getini mlinzi alinirudishia simu yangu, na papo hapo ikalia.

"Wifi! Pembe zimekuja?"

"Zimekuja." Nikamsimulia swali lote. Akakokotoa.

"Hiyo ni sitini na nane. Ulipata?"

"Nilipata," nikasema.

Akapiga kigelegele. Akasema kazi ni yangu, akasema atampigia kaka yake sasa hivi, asingoje mimi nimwambie. Sikumzuia.