Jezi Safi ya Beki

Katika timu yetu ya wanawake pale mtaani Landless, jezi hufuliwa kwa zamu. Zamu yangu ikifika, anayefua hasa ni mama, maana haniamini na sabuni. Hapo ndipo aliponishuku. Jezi za wenzangu zilitoa maji mekundu kama chai ya rangi. Yangu ilitoka kwenye beseni karibu kama ilivyoingia.

"Wewe huwa unaenda kucheza ama kukalia benchi?"

"Mimi ni beki, Mama. Nacheza mechi yote."

"Beki gani hachafuki?"

Nilitaka kumwonyesha kwenye simu beki mmoja wa kike wa Ujerumani, mwalimu wangu asiyenijua. Nilimfuatilia tangu akiwa chipukizi, nikamwona akiumia goti, akarudi, akafanywa nahodha. Hakujirusha ovyo chini. Alirudi nyuma taratibu, macho kwenye mpira, akimsukuma mshambuliaji pembeni mpaka akose njia. Uwanja wetu ni wa murram, udongo mwekundu wenye changarawe, na anayejirusha huacha ngozi pale. Nikaamua kucheza wima kama yeye.

Mama hakutazama. Mikono ilikuwa na povu, na uamuzi alishaufanya: mechi ya mwezi ujao kule Ruiru iwe yangu ya mwisho. Kama ni kukaa, heri Jumamosi za mazoezi nikakae naye kiwandani anakofanya kazi, huko angalau watu hulipwa. Niliumia sana, sitaficha. Mpira nilioupenda tangu utotoni ulikuwa unahukumiwa na beseni!

Jumapili ya mechi alikuja Ruiru moja kwa moja kutoka kanisani, kitambaa kichwani, kuhakikisha kama kweli nacheza. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja, dakika zimeyoyoma, mshambuliaji wao akachomoka na kunikuta peke yangu. Uwanja mzima ukapiga kelele nijirushe nimwingie. Sauti moja niliijua.

"Ingia, wewe mtoto! Chafuka!"

Nilirudi nyuma. Akaja, nikarudi tena. Mwishowe akakosa subira, akausukuma mpira mbele kupita kiasi. Mvumilivu hula mbivu, na mimi nilikula mpira. Niligeuka nikaona kitambaa cha mama kikipeperushwa hewani, yeye mwenyewe akirukaruka na viatu vya kanisa.

Wiki hiyohiyo Mjerumani wangu alistaafu. Nilikuwa nalia juu ya simu pale uani, na mama alikuwa ameinamia jezi, kwani zamu ilikuwa yetu. Safari hii alijipangusa mikono, akaishika simu, akamtazama yule dada akiwaaga mashabiki.

"Huyu naye ni msafi hivi," akasema. "Mama yake alipumzika kufua."

Habari ya kiwanda sikuisikia tena. Alirudi kwenye beseni, akazifua nyingine haraka, akaibakisha yangu. Haikuwa na doa hata moja. Aliifua kwa makini kuliko zote.